Kilomita Ngapi Kabla ya Kumwaga Oili? Namna ya Kupanga Ratiba ya Gari Lako

Ukiingia katika duka la oili Kariakoo, au hata katika kibanda kilichoegemea ukuta wa kituo cha mafuta, swali la kwanza utakaloulizwa na muuzaji ni kama unataka ya kilomita 3,000, ya 5,000 au ya 10,000. Swali hilo limezoeleka kiasi kwamba wenye magari wengi huamini kuwa kilomita zimo ndani ya galoni, na kwamba anayetoa fedha nyingi zaidi amenunua kilomita nyingi zaidi, kama mtu anayeongeza salio la simu. Oili haina tabia hiyo. Galoni moja ya lita nne, ya kampuni ileile na daraja lilelile, inaweza kufikisha kilomita 10,000 ikiwa bado na nguvu katika gari linalokwenda Dodoma na kurudi kila wiki, na ikawa imechoka kabla ya kilomita 5,000 katika gari la jirani ambalo kila asubuhi hutoka Mbezi kwenda mjini likijikokota nyuma ya malori. Namba unayoitafuta huanzia kwenye kitabu cha gari, kisha hurekebishwa kwa kutazama njia unazopita. Galoni huja mwisho.

Maelezo yanayofuata yanawalenga hasa wenye magari madogo ya Kijapani yanayotumia petroli, yaani IST, Vitz, Raum, Premio, Noah na ndugu zao, kwa sababu ndiyo yaliyojaa barabarani mwetu. Wenye turbo, yaani kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini, na wenye dizeli nao wamewekewa sehemu yao, ingawa fupi.

Kinachoichosha oili

Ndani ya injini, oili hutenganisha vyuma visisagane, hubeba joto kutoka sehemu ambazo maji ya rejeta hayafiki, huziba upenyo kati ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda, huzuia kutu, na hushika masizi ili yasigande. Mafuta matupu hayawezi kazi zote hizo. Zinafanywa kwa msaada wa viambato vinavyochanganywa kiwandani, vikiwamo visafishaji vya kalsiamu au magnesiamu na kinga ya msuguano yenye zinki na fosforasi, na viambato hivyo hutumika hadi vikaisha, kama povu linavyoisha katika maji ya kufulia. Ndiyo maana kuongeza oili mpya juu ya ile kuukuu, desturi ambayo baadhi yetu tumeirithi kwa wazee wetu, hakuwezi kuhesabiwa kuwa ni kumwaga oili. Ni kutia sabuni kidogo katika beseni ambalo maji yake yamekwisha kuwa meusi.

Joto likizidi, oili huungana na oksijeni ya hewani, ikawa nzito na kuanza kuwa na asidi. Petroli isiyoungua nayo hupenya kando ya ringi na kuishia kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, hasa injini inapowashwa ikiwa baridi, kwa kuwa wakati huo kompyuta ya gari huongeza petroli ili injini isizimike. Mvuke wa maji, ambao ni zao la kawaida la kuungua kwa petroli, huingia humohumo na kugeuka matone. Injini ikipata moto wa kutosha kwa muda wa kutosha, petroli na maji hayo huvukizwa na kurudishwa kwenye silinda kuunguzwa. Lakini gari likizimwa baada ya kilomita tatu, vyote hubaki ndani. Kwa hiyo gari linalotunzwa vizuri, la kupeleka watoto shule ya mtaa wa pili na kurudi nyumbani, huweza kuchosha oili yake upesi kuliko la mfanyabiashara anayekwenda Morogoro na kurudi bila kuzima injini njiani. Wengi hudhani ni kinyume chake.

Kisha kuna vumbi. Chembe ya mchanga ni ngumu kuliko beringi za krenki, ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, na filta ya hewa iliyotoboka au isiyokaa vizuri katika boksi lake huzipitisha chembe hizo moja kwa moja. Mwenye kuishi ndani ya Goba, Chanika au Kigamboni, mbali na lami, ana sababu ya kuikagua filta ya hewa kila anapofungua boneti, maana oili ya bei ghali haiwezi kufidia filta iliyooza.

Rangi, kwa upande mwingine, isikutishe. Oili iliyogeuka kahawia nzito au nyeusi baada ya kilomita elfu mbili mara nyingi inaonyesha kwamba visafishaji vyake vinafanya kazi, na oili ya dizeli huwa nyeusi karibu siku ileile inapowekwa. Rangi inayopaswa kukushtua ni ile ya maziwa ya chai, kwa kuwa humaanisha maji yameingia. Ikiwa ni povu jembamba chini ya kifuniko cha kumiminia tu, huenda ni unyevu wa safari fupi. Ikiwa oili yote kwenye stiki ya kupimia ina rangi hiyo, usiwashe injini tena kabla fundi hajaikagua gasketi ya silinda hedi.

Namba ya kiwandani na mstari unaorukwa

Kwa magari yake ya petroli yasiyo na turbo yanayouzwa Japani, Toyota huelekeza oili ibadilishwe kila kilomita 15,000 au kila mwaka, lolote litakalotangulia. Kwa yenye turbo ni kilomita 5,000 au miezi 6. Msomaji anayekutana na ile 15,000 kwa mara ya kwanza kwa kawaida husimama hapo, akamcheka fundi wake anayeng’ang’ania 3,000, na kuanza kuhesabu fedha atakazookoa. Mstari unaofuata huwa hausomi. Mstari huo unasema kwamba gari likitumika katika hali ngumu, kilomita na muda hupunguzwa kwa nusu: 7,500 au miezi 6 kwa gari la kawaida, 2,500 au miezi 3 kwa lenye turbo.

Hali ngumu hiyo inafafanuliwa vizuri, na si lazima gari liwe la kubeba mkaa porini. Ni pale sehemu kubwa ya mwendo, kiasi cha asilimia 30 au zaidi, inapokuwa kwenye barabara mbovu au yenye vumbi. Au gari linapokwenda zaidi ya kilomita 20,000 kwa mwaka. Au safari nyingi zinapokuwa za kilomita 8 au pungufu. Au gari linapotembea kwa mwendo usiozidi kilomita 30 kwa saa kwa muda mrefu, au kusimama likiunguruma. Au linapopanda na kushuka milima mara kwa mara. Msomaji wa Dar es Salaam na ajipime. Foleni ya Ubungo peke yake inatosha kumwingiza katika orodha hiyo. Akikaa mtaa wenye barabara ya udongo ameingia mara mbili. Wa Lushoto au Mbeya ataingia kwa milima, na dereva wa taksi ya mtandaoni ataingia kwa wingi wa kilomita. Kwa macho ya waliotengeneza gari, maisha yetu ya kila siku ndiyo hali ngumu, na wenye haki ya kufuata namba kubwa ni wachache sana kati yetu.

Foleni ina hila nyingine, nayo ni kwamba mita ya kilomita haihesabu muda ambao tairi hazizunguki. Ford huwaeleza watumiaji wa magari yake ya polisi, ambayo hukaa yakiunguruma kwa saa nyingi, kwamba saa moja ya kusimama hivyo ihesabiwe kuwa sawa na maili 33, yaani takriban kilomita 53. Tukiichukua hesabu hiyo kama kadirio tu, mtu anayesimama jumla ya saa moja kwa siku katika foleni, siku 26 za mwezi, anaongeza karibu kilomita 1,380 ambazo hazionekani popote kwenye dashibodi. Katika miezi mitatu zinakuwa zaidi ya 4,000. Gari ambalo mita yake inasema limetembea 4,000 tangu service iliyopita linaweza kuwa, kwa upande wa injini, limefanya kazi ya kilomita 8,000.

Baada ya kuyapima hayo, ratiba ninayoiona kuwa ya haki ni hii. Gari la petroli lisilo na turbo, lenye injini nzima, linalotumia oili ya sintetiki ya daraja sahihi na kuzunguka mjini, limwagwe oili kila kilomita 5,000 hadi 7,500, na foleni zikiwa nyingi shika ile ya chini. Likitumia oili ya kawaida isiyo ya sintetiki, 5,000 iwe mwisho. Linalosafiri zaidi mikoani kwenye lami linaweza kuachwa hadi 10,000 kwa oili ya sintetiki, mradi kitabu chake kinaruhusu na oili haipungui njiani. Subaru Forester yenye turbo na nyingine za aina hiyo zisivuke 5,000 hata siku moja, na zikikimbizwa au zikitumika katika hali ngumu zimwagwe mapema zaidi, kwa sababu shafti ya turbo huzunguka katika utando mwembamba wa oili jirani kabisa na moshi wa moto mkali. Kwa dizeli fuata kitabu cha gari husika. Afadhali moja ni kwamba tangu mwaka 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni, na salfa ikipungua, asidi inayoishambulia oili hupungua pia.

Na ile 3,000? Kwa gari lililo salama na oili halisi, ni uangalifu uliopitiliza, lakini hauui gari. Unaumiza mfuko tu. Huko Marekani madereva walishauriwa kwa miongo mingi kumwaga kila maili 3,000, na maili hizo ni takriban kilomita 4,800. Anayeitaja namba hiyo na aulizwe kwanza anazungumzia maili au kilomita.

Kalenda nayo ina kauli. Gari linalotembea kilomita 3,000 kwa mwaka, labda kwa sababu mwenyewe yuko masomoni au hulitoa Jumapili tu, halipaswi kusubiri kilomita zitimie. Maji na asidi huendelea kukaa ndani ya sampu hata gari likiwa limefunikwa turubai. Miezi 6 ni kipimo kizuri kwa safari fupi, na mwaka mmoja uwe ukomo kwa gari lolote.

Gari lililoshuka melini

Gari la mtumba kutoka Japani limwagwe oili mara tu linapokabidhiwa kwako, bila kujali muuzaji anasema nini. Kabla ya hapo, fungua mlango wa dereva na utazame kwenye nguzo ya mlango, au chini ya boneti. Mara nyingi utakuta stika ya gereji ya Japani yenye tarehe na kilomita za kubadilisha oili. Usishangae ukikuta mwaka umeandikwa 30 au 5. Wajapani huhesabu miaka kwa enzi ya mfalme wao: enzi ya Heisei ilimalizika mwaka 2019 na ya Reiwa ikaanza mwaka huohuo, hivyo kwa Heisei ongeza 1988 na kwa Reiwa ongeza 2018. Heisei 30 ni mwaka 2018, na Reiwa 5 ni 2023. Stika hiyo ina faida ya pili: ikiwa inaonyesha kilomita 112,000 za miaka mitatu iliyopita na dashibodi inasoma 78,000, umepata jambo la kuzungumza na aliyekuuzia.

Kwa kuwa hujui gari lilitunzwaje, oili ya kwanza ichukuliwe kuwa ya kusafishia. Itumie kilomita 1,500 hadi 2,000, uimwage pamoja na filta, ndipo uanze ratiba ya kawaida. Sizipendi dawa za kuoshea injini zinazomiminwa kwenye oili kuukuu kwa dakika kumi, hasa kwa injini yenye tope la miaka mingi, kwa sababu vipande vikibanduka kwa pamoja vinaweza kuziba chujio la pampu. Oili nzuri ikibadilishwa mapema mara mbili tatu hufanya kazi hiyo polepole na kwa usalama.

Kwamba tope huua injini hata za kampuni inayosifiwa kwa uimara, hilo limekwisha kuonekana. Mwaka 2002 Toyota ilitangaza huko Marekani mpango maalumu wa kugharamia injini za 1MZ-FE na 5S-FE za magari ya kati ya mwaka 1997 na 2002 yaliyoharibika kwa tope la oili. Injini hizo mbili ndizo zilizowekwa katika Harrier za mwanzo, za lita 3.0 na 2.2, na baadhi yake zingali zikitembea kwetu. Anayemiliki mojawapo asikaribie hata 7,500, 5,000 zinamtosha. Nayo 2AZ-FE ya lita 2.4 iliyozifuata katika Harrier, na iliyomo pia katika Alphard na Ipsum, inajulikana kwa kula oili, kwa hiyo mwenye nayo anahitaji stiki kuliko anavyohitaji stika.

Kusoma galoni

Maandishi mawili tu ndiyo ya lazima. La kwanza ni mnato, mfano 5W-30: namba ya kabla ya W inahusu wepesi wa oili injini ikiwa baridi, na ya baada yake inahusu uzito wake ikiwa ya moto. Fuata kilichoandikwa kwenye kitabu, au mara nyingi juu ya kifuniko cha kumiminia oili. Ushauri wa kuweka oili nzito kwa sababu nchi yetu ni ya joto ulifaa magari ya zamani zaidi. Injini ya VVT-i, mfumo wa Toyota wa kurekebisha muda wa valvu, hutumia msukumo wa oili kugeuza kamshafti (shafti inayofungua valvu) kupitia vijia vyembamba, na oili nzito kupita kiasi huchelewa kufika.

La pili ni daraja la API, yaani Taasisi ya Petroli ya Marekani. Kwa petroli huanza na S, kwa dizeli huanza na C, na herufi inayofuata huonyesha kizazi chake. SN ilitoka mwaka 2010 na SP mwaka 2020. Madaraja ya SA hadi SH yamekwisha kutangazwa kuwa yamepitwa na wakati. SF, kwa mfano, haifai kwa injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya mwaka 1988. Ukiiona SF kwenye galoni ya bei poa na IST yako ni ya mwaka 2003, iache dukani. Nunua kwa muuzaji utakayemkuta kesho, kagua kizibo na muhuri wake, tazama alama ya ubora ya TBS, na ukimaliza itoboe galoni tupu ili isirudi sokoni ikiwa imejazwa oili chafu iliyochujwa.

Stiki, kisha siku yenyewe

Kati ya service moja na nyingine, pima oili kila wiki mbili, na kabla ya safari ndefu. Gari liwe sehemu tambarare, injini imezimwa dakika tano au zaidi. Chomoa stiki, ifute, irudishe hadi mwisho, ichomoe tena. Kiwango kiwe kati ya alama ya chini na ya juu, na kwa magari madogo mengi tofauti ya alama hizo ni takriban lita moja. Kikiwa kinapanda badala ya kushuka, na oili inanuka petroli, usisubiri kilomita. Kadhalika, taa nyekundu ya oili ikiwaka ukiwa safarini, zima injini hapohapo, kwa sababu taa hiyo inaonya kuwa msukumo umekwisha, na inapowaka beringi zinaweza kuwa zimekwisha kuanza kusagika.

Siku ya kumwaga, iwe nyumbani au gereji, injini ipashwe moto kwa dakika tano hivi ili oili ilegee, kisha izimwe. Gari likinyanyuliwa liwekwe juu ya stendi. Jeki peke yake isiaminiwe na mtu aliye chini ya gari. Nati ya sampu ya Toyota ndogo nyingi hufunguliwa kwa spana namba 14, na washa yake ibadilishwe kila mara, maana ni ya bei ndogo na ndiyo inayozuia kuvuja. Acha oili itiririke hadi ibaki matone. Filta mpya ipakwe oili kidogo kwenye mpira wake, ifungwe kwa mkono hadi mpira uguse, kisha izungushwe robo tatu ya mzunguko. Lakini kwanza hakikisha mpira wa filta ya zamani umetoka nayo, kwani mipira miwili ikikutana oili yote huweza kumwagika barabarani. Kumwaga oili bila kubadilisha filta ni ubahili usio na faida.

Injini ya 1NZ-FE iliyomo katika IST ya cc 1500 hupokea takriban lita 3.7 pamoja na filta, hivyo galoni ya lita nne haimiminwi yote. Mafundi wengi huimalizia ili isibaki, na hapo krenki huweza kupiga oili iliyozidi ikatoa povu. Mimina lita tatu na nusu, subiri, pima, ongeza kidogo kidogo. Washa injini, taa ya oili izimike ndani ya sekunde chache, chungulia chini kama kuna uvujaji, zima, pima tena baada ya dakika tano. Kiasi kilichobaki kiwekwe kwenye buti. Kitakufaa stiki itakapoonyesha upungufu.

Andika tarehe, kilomita, daraja la oili na kilomita za kumwaga tena katika daftari linalokaa kwenye gari, kwa sababu stika ya kioo hubanduka. Oili chafu ifunge ndani ya dumu na uipeleke gereji inayoikusanya kwa wanaoichakata. Isimwagwe mtaroni wala kwenye udongo wa ua, na ukiigusa nawa mikono kwa sabuni, kwa kuwa ina kemikali zinazohusishwa na saratani ya ngozi. Wanaoipaka kwenye mbao kuzuia mchwa na wafanye hivyo mbali na kisima na banda la kuku.